Wiki ya nyambizi na bweni la Mpondwe: kisa cha dawati moja la habari, Juni 2023

Kisa hiki nimekitumia mara kadhaa kuwafundishia waandishi wanaoanza kazi, na kila ninapokisimulia hubaki na swali lile lile: habari ikishaitwa kubwa, nani aliyeipima? Nilikuwa mhariri msaidizi wa zamu wiki hiyo, kwa hiyo sehemu ya makosa yanayotajwa hapa ni yangu. Jina la kituo, mji wake na watu wote wa chumba cha habari nimeyaondoa. Matukio ya dunia na tarehe zake nimeyaacha kama yalivyotokea.

Usuli

Kituo chenyewe ni redio ya Kiswahili yenye ukurasa wa mtandaoni. Wasikilizaji wake wako Tanzania, Kenya, Uganda na mashariki mwa Kongo. Dawati la kimataifa lilikuwa na watu wanne siku za kazi, wawili tu mwisho wa wiki. Habari nyingi za nje tulizipata kwa shirika moja kubwa la habari tulilolilipia, na kwa waandishi wa kujitegemea wachache waliotawanyika mikoani na mipakani, ambao walitutumia sauti zao kwa WhatsApp.

Palikuwa na daftari la zamu, lenye jalada gumu, lililokaa mezani kwa mhariri. Kila asubuhi saa tatu, kikaoni, kila habari iliandikwa humo mstari mmoja, na mbele ya mstari mhariri aliweka neno moja au mawili: ipo sauti, hakuna sauti, ipo picha. Habari ipi itangulie katika taarifa ya saa moja jioni haikuwa na kanuni iliyoandikwa popote. Yalikuwapo mazoea tu. Tuliulizana wamekufa wangapi, ni wapi, na kuna mkubwa gani ndani yake. Suala la sauti halikujadiliwa kamwe, liliandikwa tu. Ila nikilipitia daftari lile leo naona sauti ndiyo iliyoamua mara nyingi kuliko mengine yote.

Mwezi wenyewe ulikuwa mzito hata kabla ya wiki hiyo. Tarehe 10 Juni Bunge la Tanzania lilikuwa limeridhia mkataba wa bandari kati ya Tanzania na Dubai, na nchi nzima ilikuwa ikiubishania, vijiweni na mitandaoni. Kenya ilikuwa ikivutana juu ya Muswada wa Fedha. Katika msitu wa Shakahola, huko huko Kenya, makaburi ya waumini walioambiwa wafunge hadi kufa yalikuwa yakiendelea kufukuliwa na idadi ya waliokufa ilikuwa imepita 300. Sudan ilikuwa vitani tangu tarehe 15 Aprili.

Yaliyotokea, siku kwa siku

Alfajiri ya Jumatano tarehe 14 Juni, meli ya uvuvi iitwayo Adriana, iliyong'oa nanga Tobruk nchini Libya, ilizama baharini upande wa Pylos, Ugiriki. Makadirio ya waliokuwamo yalifika watu 750, wengi wao kutoka Pakistan, Syria, Misri na Palestina. Waliookolewa walikuwa 104. Kikaoni mwenzetu mmoja alisema, "Wahamiaji tena," na hakuna aliyembishia, mimi nikiwamo. Tuliiweka ya tatu, nyuma ya bandari na Muswada wa Fedha.

Siku hiyo hiyo ya Jumatano gavana wa Darfur Magharibi, Sudan, aliuawa mjini El Geneina. Alhamisi tukaisoma kwa aya moja.

Usiku wa Ijumaa tarehe 16 Juni, ambayo ni Siku ya Mtoto wa Afrika, waasi wa ADF, kundi lenye asili ya Uganda lenye maficho mashariki mwa Kongo, waliivamia Shule ya Sekondari Lhubiriha, Mpondwe, wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda. Kutoka hapo hadi mpaka wa Kongo ni mwendo wa kilomita mbili hivi. Wavulana walichomwa ndani ya bweni lao. Wasichana waliuawa kwa mapanga. Waliokufa walikuwa zaidi ya 40, na 37 kati yao walikuwa wanafunzi. Wengine walitekwa, na jeshi la Uganda likasema wavamizi wamekimbilia upande wa hifadhi ya Virunga, ndani ya Kongo. Jumamosi na Jumapili wawili waliokuwa zamu waliitanguliza habari hiyo, na waliifanya vizuri, wakapiga simu Kasese na kumpata mwandishi wetu wa mpakani mara mbili.

Jumatatu tarehe 19 ikaingia habari ya Titan. Nyambizi ndogo ya kampuni ya OceanGate ilikuwa imepotea tangu Jumapili ikishuka kwenda kuangalia mabaki ya Titanic, yaliyolala karibu mita 3,800 chini ya Atlantiki. Ndani yake walikuwa watu watano, na nafasi moja ilikuwa ikiuzwa dola 250,000. Kilichotushika zaidi ni ile hesabu ya hewa: saa 96 tangu iliposhuka.

Tangu hapo shirika letu la habari lilileta jipya karibu kila saa. Mara ndege ya Kanada imesikia mgongano chini ya maji, mara meli ya Ufaransa iko njiani na roboti yake, mara fulani aliyewahi kupanda chombo hicho anasimulia. Jumatatu jioni Titan ilitangulia na Mpondwe ikawa ya pili. Jumanne Mpondwe ilikuwa ya nne. Jumatano asubuhi haikuandikwa daftarini kabisa.

Sauti iliyolala

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo kisa chenyewe kilipo.

Jumatatu mchana, kabla Titan haijatujaa vichwani, mwandishi wetu wa mpakani alituma faili la sauti la dakika nne na ushee. Alilirekodi nje ya hospitali ya Bwera, ambako miili ilikuwa imepelekwa. Lilifika kwenye simu ya dawati, likafunguliwa, likasikilizwa sekunde chache na kuachwa. Sababu ni kwamba aliyezungumza, mzazi mmoja, alianza kwa Kikonzo, lugha ya Wakonzo wa Kasese, na aliyekuwa zamu hakukielewa. Akadhani lote liko hivyo. Akamjibu mwandishi, "Tafadhali tuma ya Kiswahili," kisha akarudi kwenye nyambizi.

Jumatano saa kumi alasiri mwandishi alipiga simu mwenyewe. "Kaka," aliniambia, "ile sauti ya Jumatatu mmeisikiliza hadi mwisho?" Sikuwa nimeisikiliza kabisa. Tukaiweka kwenye spika. Baada ya dakika moja hivi ya Kikonzo yule mzazi anahamia Kiswahili, kile cha mpakani, cha kwenda na kurudi sokoni Kasindi, upande wa Kongo. Anasema miili mingine imeungua kiasi kwamba imepelekwa Fort Portal ikapimwe vinasaba. Mtoto wake hayumo kati ya waliotambuliwa. Anaweza kuwa kati ya waliopelekwa kupimwa, au kati ya waliovushwa mpaka. Nyumbani majirani wamekuja na viti, na yeye hajui awaambie wakae matanga au wakae kusubiri.

Ile dakika ya Kikonzo ilitafsiriwa na fundi mitambo wetu, mtu wa Butembo. Kinande chake na Kikonzo ni karibu lugha moja. Alikuwa mita tano kutoka kwenye ile simu tangu Jumatatu.

Maamuzi na sababu zake

Jioni ile mhariri mkuu wa zamu, mimi, na dada aliyesimamia ukurasa wa mtandaoni tulibishana kwa muda mrefu. Nitaeleza hoja kama zilivyotolewa, kwa sababu zote zilikuwa na uzito.

Mhariri mkuu alisema Mpondwe ni habari ya siku tano, wafu wamezikwa, serikali imetoa tamko, na hakuna jipya. Titan iko wazi bado, watu wanaweza kuwa hai, na Alhamisi hewa inaisha. Msikilizaji akifungua redio saa moja jioni anataka kujua hilo. Alisema pia, na hapa alikuwa mkweli, kwamba kituo kisichotanguliza kile ambacho dunia yote inakitanguliza huonekana kimelala.

Dada wa mtandaoni alisema habari zetu za Titan zinasomwa kuliko kitu kingine chochote, na wanaozisoma ni watu wetu hawa hawa. Si haki kuwaambia wamekosea kupenda wanachokipenda.

Hoja yangu ilitoka moja kwa moja kwenye ile sauti. Tumesema Titan ina saa inayohesabika na Mpondwe imekwisha. Lakini wanafunzi waliotekwa wako msituni na hakuna anayejua wakoje. Miili ya Fort Portal haijapewa majina. Nayo ina saa yake. Tofauti ni kwamba saa ya Titan imehesabiwa na wengine, wanaotuletea kila baada ya dakika sitini, na hii ya Mpondwe tungepaswa kuihesabu sisi wenyewe, kwa simu zetu na mwandishi wetu.

Tuliamua hivi. Taarifa ya Alhamisi itatanguliza Mpondwe, si kama kumbukumbu ya shambulio bali kama habari ya watu ambao hawajapatikana. Titan itakuwa ya pili na itapewa muda wake wote. Mwandishi wa mpakani atalipwa siku mbili zaidi ili aende Fort Portal. Na fundi wetu wa Butembo, akikubali, ataingia kwenye orodha ya watafsiri na kulipwa kwa kazi hiyo.

Uamuzi ulijaribiwa mapema kuliko tulivyotarajia. Alhamisi tarehe 22, dakika chache kabla ya saa moja jioni yetu, walinzi wa pwani wa Marekani walitangaza kwamba mabaki yameonekana karibu na Titanic. Msomaji wa taarifa alikuwa ameshakaa. Mhariri mkuu alisimama mlangoni mwa studio, akanitazama, akasema, "Tunabaki nayo?" Nikasema tubaki. Tukaongeza mstari mmoja kwenye vichwa vya habari, na taarifa ikaanza na sauti ya yule mzazi. Tangazo kamili, kwamba chombo kimepasuka kwa mgandamizo wa maji na wote watano wamekufa, lilitolewa saa nne usiku kwa saa zetu, na tulilibeba katika taarifa ya usiku likiwa la kwanza.

Matokeo

Ijumaa asubuhi uongozi ulituuliza kwa nini tulipitwa. Kwa kipimo chao walikuwa sahihi, kwani vituo vingine jijini vilianza na mabaki ya Titan na sisi hatukuanza nayo. Hatukuadhibiwa, ila tuliandika maelezo.

Simu zilizoingia baada ya taarifa zilitoka Kasese, Beni na Butembo. Baadhi ya waliopiga walitaka tu kutaja majina ya shule za watoto wao na kuuliza kama tuna orodha. Hatukuwa nayo. Mwandishi wetu alikwenda Fort Portal na kutuletea habari mbili nzuri, moja ikieleza upimaji wa vinasaba unavyofanyika na kwa nini unachukua muda. Nyingine iliwarudisha wasikilizaji mwezi Juni 1998, ADF hiyo hiyo ilipochoma Chuo cha Ufundi Kichwamba na kuua wanafunzi 80. Hakuna aliyekuwa ameliunganisha hilo hewani kwetu tangu Jumamosi.

Mtandaoni Titan iliendelea kusomwa zaidi. Hilo halikubadilika na sikutarajia libadilike.

Jumamosi tarehe 24 wapiganaji wa Wagner, jeshi la kukodiwa la Urusi, waliasi na kuelekea Moscow, na kwa siku mbili hakuna habari nyingine iliyopata nafasi popote, kwetu pia. Mpondwe ilibaki na kipande kimoja kwa wiki, kila Alhamisi, hadi mwisho wa Julai.

Nchi nyingine wiki hiyo hiyo

Ili kupima tulichofanya, inafaa kutazama wengine. Ugiriki ilikuwa siku chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 25 Juni. Serikali ya mpito ilitangaza siku tatu za maombolezo, vyama vikasimamisha kampeni, na meli ya Pylos ikawa suala la ndani: walinzi wa pwani walifanya nini usiku ule, na je, walijaribu kuivuta? Kule haikuwa "wahamiaji tena" kwa sababu ilihusu dola yao wenyewe.

Pakistan iliomboleza Jumatatu tarehe 19, bendera nusu mlingoti, kwa vijana wake waliozama na Adriana. Siku iliyofuata ikafika habari kwamba baba na mwana wa moja ya familia tajiri kabisa za nchi hiyo wamo ndani ya Titan. Vyombo vya habari vya Pakistan vilibeba vifo viwili vya baharini kwa wakati mmoja, kimoja cha waliouza mashamba kulipa nauli na kingine cha walionunua safari. Kwa mwalimu wa uandishi wa habari hakuna mfano bora kuliko huo.

Titan yenyewe ilikuwa na watu watano tu, lakini ilikuwa na Mmarekani, Waingereza, Mfaransa na ukoo wa Pakistan, na meli iliyoibeba ilitoka St. John's, Kanada. Nchi kadhaa zenye mashirika makubwa ya habari au vituo vikubwa vya runinga zilikuwa na mtu wao au meli yao mle. Basi ilikuwa habari ya nyumbani kwa nchi tano kwa pamoja. Sisi tulipoipokea tuliiona ni ya dunia, kumbe zilikuwa habari tano za nyumbani zilizokutana. Na magazeti ya Kampala yalikuwa na Mpondwe mbele wiki nzima, kama ambavyo magazeti ya Nairobi yalikuwa na Muswada na ya Dar es Salaam yalikuwa na bandari. Katika hilo hakuna wa kulaumiwa. Kila mtu aliandika yaliyo mlangoni pake. Sisi ndio tuliosahau mlango wetu uko wapi, ilhali wasikilizaji wetu wako pande zote mbili za mpaka wa Mpondwe.

Uchambuzi

Mwaka 1965 watafiti wawili wa Norway, Johan Galtung na Mari Holmboe Ruge, walichambua jinsi magazeti manne ya nchi yao yalivyoandika machafuko ya Kongo, Cuba na Cyprus. Orodha waliyoitoa bado inafundishwa: tukio hupenya likienda na mwendo wa chombo cha habari, likieleweka bila utata, likihusu nchi kubwa au watu wakubwa, likiwa na sura ya mtu, likiwa baya. Titan ina kila sifa humo. Nimewahi kuwasikia wanafunzi wakiisoma orodha ile kana kwamba ni kanuni za kufuata. Galtung na Ruge waliiandika ili kuonya. Walikuwa wakieleza kwa nini Kongo ilifika Oslo ikiwa imepinda.

Sikubaliani na wanaosema Titan ilipewa nafasi kwa dharau kwa maskini peke yake. Ilikuwa habari halali. Ina mwanzo, ina watu wenye majina, ina swali ambalo jibu lake litapatikana kwa siku iliyojulikana. Kosa letu halikuwa kuibeba. Kosa letu lilikuwa kuchukua kasi ya shirika la habari kana kwamba ni uzito wa habari. Habari iliyokuja mara ishirini kwa siku ilionekana nzito mara ishirini, na habari iliyokuja mara moja kwa WhatsApp, kwa lugha mbili, ilionekana nyepesi. Nani aliipima Titan? Waliokuwa na jamaa ndani yake. Nani aliipima Mpondwe siku ile ya Jumatano? Hakuna. Ndiyo maana haikuandikwa.

Kilichofanikiwa ni kuihamisha Mpondwe kutoka kwenye hesabu ya wafu na kuipeleka kwenye swali lililo wazi. Wahariri wengi wa kwetu hudhani habari ya msiba huisha kwa mazishi. Waliotekwa na wasiotambuliwa hawana mazishi. Ulipouliza "nini hakijajulikana?" badala ya "wamekufa wangapi?", habari ilifufuka yenyewe, na hatukuhitaji kumshawishi mhariri mkuu kwa huruma. Ilifanikiwa pia kwa sababu uamuzi ulifanyika siku moja kabla. Lau tungeubishania saa moja kasoro dakika kumi, Titan ingeshinda, na ingestahili kushinda.

Kilichoshindikana ni kingi zaidi. Lugha kwanza. Kituo kinachojivunia kuwafikia watu wa mpakani hakikuwa na utaratibu wa kusikiliza Kikonzo, na mwandishi akaombwa "atume ya Kiswahili" kana kwamba mfiwa huchagua lugha ya kulilia. Kisha Pylos. Tuliiacha Ijumaa tarehe 16 na hatukuirudia hadi Barack Obama, aliyekuwa Athens siku ile ya Alhamisi, aliposema hadharani kwamba nyambizi inafuatiliwa dakika kwa dakika na mamia waliozama hawapewi uzito kama huo. Ijumaa tukabeba maneno yake. Yaani watu mamia waliozama walirudi kwenye taarifa yetu kwa mdomo wa mtu mashuhuri aliyelalamika kwamba hawatangazwi. Sikuliona hilo siku ile, nililiona nilipokuwa nikiandaa kisa hiki.

Na kuna El Geneina. Watu wa kabila la Masalit walikuwa wakiuawa mjini humo na barabarani wakikimbilia Adré, Chad, katika siku zile zile tulizokuwa tukihesabu hewa ya watu watano. Mawasiliano ya simu yalikuwa yamekatika. Hakukuwa na mwandishi wa shirika lolote mjini. Miezi saba baadaye wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kuwa waliouawa El Geneina mwaka huo ni kati ya 10,000 na 15,000. Hata baada ya mabishano yetu ya Jumatano, na ile hoja yangu niliyoiona nzuri kuhusu saa isiyohesabiwa, hakuna aliyeitaja, wala mimi. Hoja ile iliniokolea Mpondwe kwa sababu palikuwa na faili kwenye simu.

Daftari la wiki ile ninalo. El Geneina imeandikwa mara moja, Alhamisi tarehe 15 Juni, mstari wa saba, kwa mwandiko wangu. Mbele yake nimeandika: hakuna sauti.